Ukoko wa Mwenye Ndege

Nyumbani kwetu Michenga hatuambiani asante. Mtu asitufikirie vibaya. Asante tunazo, tena nyingi, ila ni za watu wa nje: muuguzi, konda, mwenye duka, mgeni aliyetuletea sukari. Mtu wa ndani ukimwambia asante anakutazama kama umemvunjia heshima. Nilipoanza shule nilirudi siku moja na adabu mpya, mama akanipa kikombe cha uji, nikasema, "Asante, mama." Akaniuliza, "Kwani mimi nakuuzia?" Nikanywa uji wangu, na neno lile sikulirudia tena ndani ya nyumba ile.

Badala ya asante tulikuwa na ukoko.

Krismasi kwetu inaangukia wakati mbaya. Desemba ni mwezi wa kupanda, si wa kuvuna. Mpunga wa kuuza ulishauzwa zamani, uliobaki umeliwa, na nyumba nyingi zimerudi kwenye ugali. Kwa hiyo mavuno yakiingia tu, mama huchota ndoo ya mpunga wa shamba letu, akaifunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli na kuisukuma chini ya kitanda chake. Ndoo hiyo ni ya sikukuu. Nusu ni ya Krismasi, nusu ya mwaka mpya, na haiguswi hata kama kuna mgonjwa. Mpunga wenyewe ni shingo ya mwali, mbegu ya zamani, ndefu, inayochelewa kukomaa na kulala chini upepo ukiipiga. Watu wengi wameiacha. Sisi hatukuiacha kwa sababu mama anasema wali usionukia ni chakula cha hospitali.

Siku yenyewe, tukitoka misani, mama anaupika kwenye sufuria yake nyeusi juu ya mafiga. Maji yakikauka anafunika, anapalia makaa juu ya mfuniko na kuuacha. Kisha tunakaa mkekani, watu wanapakuliwa, na hakuna anayetia mkono. Tunasubiri. Mama anachukua mwiko, anauzungusha pembeni mwa sufuria polepole, na kuuinua ukoko. Ukitoka mzima tunapiga vigelegele, ukitoka vipande tunamzomea, naye anacheka. Anauweka kwenye sahani ya bati yenye maua, anaishika sahani kwa mikono miwili na kumpelekea aliyeamia ndege mwaka ule. Huyo hajapakuliwa kitu mpaka hapo, amekaa na mikono yake mitupu. Mama anamwambia, "Ndege walikula, wewe hukula. Haya, kula."

Ndipo na sisi tunakula.

Anayelima mpunga ameshaelewa. Asiyelima nimweleze. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanakuja makundi kwa makundi, na wana tabia moja ya kuudhi kuliko zote: wanakula asubuhi kukipambazuka na jioni jua likishuka, saa zile zile ambazo binadamu naye angependa kula. Anayeamia anakaa juu ya dungu katikati ya shamba, anavuta kamba zenye makopo, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele. Akishuka kwa haja tu, akirudi kipande cha shamba kimebaki makapi. Chakula chake anakikuta mchana wa jua kali, ndege wakiwa wamepumzika vichakani, na kimeshapoa zamani. Hivyo maneno ya mama hayakuwa mapambo. Ndege walikula kweli, na mtu yule hakula.

Zamani tulipokezana. Baba aliamia, kaka yangu aliamia, hata mimi nimewahi kuula ukoko ule, na nakumbuka nilivyokaa na mikono mitupu nikijiona mkubwa kuliko padri. Baba akafariki. Kaka akapata kazi Mngeta kwenye mashamba makubwa, akahamia huko na familia yake. Mimi nikaolewa Morogoro, nikafungua duka. Akabaki dada yetu mkubwa, na ukoko ukawa wake kila mwaka mpaka wajukuu wa mama wakaanza kumwita Mwenye Ndege. Shamba liko ng'ambo ya daraja, upande wa kwenda Lupiro. Ukifika msimu anafunga godoro kwenye baiskeli na kuhamia huko, peke yake.

Sauti yake ndiyo iliyolipia kelele zile za dungu. Zamani aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango. Wakamshusha sauti ya pili, baadaye wakampa kayamba ashike. Akipiga simu dukani kwangu, msichana wangu wa kazi huniambia, "Mama, kuna baba mmoja anakutafuta." Nilikuwa nacheka. Nilimsimulia hata yeye mwenyewe, naye akacheka kwa sauti ile ile ya kukwaruza.

Mwaka jana, mavuno yalipokwisha, alinipigia. Tulisalimiana, nikampa shikamoo yake, tukaulizana habari za mama na miguu ya mama. Halafu akasema, "Huu ndio wa mwisho, mdogo wangu. Mwakani shamba tunakodisha. Nafungua mdomo, ndege wananitazama tu."

Nilijua vizuri anachoniambia. Krismasi ile ingekuwa ya ukoko wake wa mwisho, kwa mpunga wa mwisho wa shamba letu, na tangu mimi niondoke nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia kitu zaidi ya maneno ya mama. Nikaona aibu. Nikaamua mwaka ule nitawashukuru, yeye na mama, kwa namna itakayoonekana.

Sasa nieleze duka langu. Nauza vyombo vya jikoni, na kwa mdomo wangu nauza hata kwa mtu aliyekuja kuuliza njia. Chombo kinachonitoa sana ni sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nina maneno yake, nayasema tangu nafungua mpaka nafunga, na msichana wangu anayapokea kama kiitikio: "Unaweka, unasahau, inaiva yenyewe! Haiunguzi! Haishiki chini! Hakuna ukoko, mama, hakuna ukoko!" Wateja wanacheka, wananunua.

Hakuna ukoko. Nilikuwa naitangaza habari hiyo kila siku, kwa sauti nzuri niliyopewa na Mungu na ambayo haikuharibiwa na ndege yeyote, na sikuwahi kusikia ninachosema. Nilichagua iliyo kubwa kuliko zote dukani. Nikaifunga kwa karatasi ya kung'aa, nikapanda basi la Ifakara nikiwa nimeipakata mapajani, na safari nzima nilikuwa na furaha kwelikweli. Nikiikumbuka furaha ile sasa natamani kujificha.

Nilifika jioni ya mkesha. Mama alilizungukazunguka lile boksi. "Yaani hii haina moto?" Nikamwonyesha waya. "Na kuni zangu nilizokusanya?" Nikamwambia kuni apikie kuku. Dada alikuwa ameutwanga mpunga siku hiyo hiyo, mchele umepepetwa, umekaa kwenye ungo unanukia nyumba nzima. Sufuria nyeusi ilikuwa imesuguliwa na kuegemezwa ukutani tayari kwa kesho. Niliichukua kwa mkono wangu mwenyewe, nikaitoa nje, nikaiweka kwenye banda la kuku.

Asubuhi, tuliporudi misani, nilishika jiko kama bibi harusi aliyesifiwa mno. Mama alikuwa amepima nusu ya mchele, nusu akairudisha kwenye ndoo, ile ya mwaka mpya. Nikamwambia, "Mama, mimina wote. Sufuria hii inameza. Leo tusibaniane." Akasita, ameinamisha ndoo kidogo, akimtazama dada. Kaka alikuwa ameshafika na watoto wake, wajomba wapo, majirani wapo, na binti amesafiri kutoka mbali na zawadi ya gharama. Nani angenikatalia? Akamimina wote.

Dada alikuwa amesimama mlangoni anamenya vitunguu. Akauliza, polepole kama anavyouliza kila kitu, "Na chini itakuwaje?"

Nikadhani anaogopa wali utaungua. Niseme ukweli wote: sikudhani kitu. Niliusikia mlango wa duka ukifunguka kichwani mwangu, nikaingia kazini. "Chini safi kabisa, dada yangu! Haishiki hata punje. Hakuna ukoko!"

Akasema, "Haya."

Hiyo "haya" nimekuwa nayo tangu siku ile. Kwetu neno hilo linafanya kazi nyingi. Kuna "haya" ya kukubali na "haya" ya kuaga, na kuna ile ya mtu anayeshusha mzigo mahali ambapo hakupangiwa. Aliinamia vitunguu vyake. Ningekuwa na macho siku hiyo ningeona mama amesimama na mwiko mkononi hajui aupeleke wapi.

Umeme nao, ambao maisha yangu yote nimeutukana kwa kukatika kila sikukuu, siku ile ulikaa. Haukupepesa hata mara moja. Nilishamwomba Mungu kanisani usikatike, akalisikia hilo, kati ya maombi yote niliyowahi kumpelekea.

Wali ukaiva. Ulikuwa mweupe, umechambuka punje kwa punje, na harufu ilitoka mpaka barabarani. Watu wakausifu, wakanisifu na mimi. Tukakaa mkekani, mama akapakua, sahani zikazunguka. Mimi nilikuwa nimeshachukua paja la kuku. Nikaona hakuna anayekula, na kwa sekunde nzima nikashangaa wanasubiri nini.

Dada alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, amevaa kitenge kipya, amenawa mikono na kuiweka mapajani. Hakuwa na sahani.

Mama aliinuka na miguu yake mibovu. Sahani ya bati yenye maua ilikuwa mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia. Akaiinamia sufuria yangu, akaingiza mwiko pembeni kama alivyofanya miaka yote, na mimi nikapiga kelele, mbele ya watu wote, "Mama, usikwangue! Utaichubua!"

Mwiko ukasimama. Mama akachungulia ndani ya sufuria. Pale chini palikuwa peusi, pakavu, panang'aa kama kiatu kipya. Akasema, si kwa hasira, "Hakuna cha kukwangua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa kitu kizima kwa mara moja, na paja la kuku likiwa mkononi. Hakuna aliyenisuta. Wangenisuta ingekuwa nafuu. Mtoto mmoja wa kaka aliuliza, "Bibi, ukoko wa Mwenye Ndege uko wapi?" Mama yake akamkanyaga mguu.

Mama alichota wali wa kawaida, mweupe, akaujaza kwenye sahani yenye maua mpaka ukafanya kilima, akaongeza kidari cha kuku. Akaishika sahani kwa mikono miwili, akaenda mwisho wa mkeka. "Ndege walikula," akasema, na hapo akakwama. Tulimwona anatafuta maneno mengine, yanayofaa wali wa watu wote. Hakuyapata. Dada akanyoosha mikono akaipokea sahani, akamwokoa. "Wali ni ule ule, mama. Kaa, miguu itauma." Akaanza kula haraka ili na sisi tuanze.

Tulikula. Watu walisema wali haujawahi kuwa mlaini hivyo. Mimi sikujua ladha yake. Niliona aibu ikinipanda shingoni, na chini ya aibu kulikuwa na hasira ya kijinga, hasira kwao, kwamba walijua tangu jana na walininyamazia. Walininyamazia kwa sababu mtu anayekuja na zawadi hunyamaziwa. Na baada ya kula, dada huyo huyo ndiye aliyeiosha sufuria ile, kwa kitambaa laini, kama nilivyokuwa nimeelekeza.

Jioni nilimfuata uani. Nilitaka kusema. Nikasema, "Dada, leo nimeharibu." Akaniambia, "Umeharibu nini? Mama amefurahi, atapika bila moshi." Nikasema, "Ule ukoko." Akacheka kidogo. "Meno yenyewe haya, ningeutafuna na nini?" Akaniuliza kama watoto wangu wamefaulu. Nikajibu kuhusu watoto. Ilikuwa kama kusukuma mlango uliofunguliwa, unaingia na huoni ulichokuwa unakisukuma.

Siku ya pili yake niliamka na wazo, na mimi nikiwa na wazo sishikiki. Nitapika ukoko. Nitaupika mwenyewe kwa kuni, nitampelekea kwa mikono miwili. Ndoo chini ya kitanda ilikuwa tupu, hilo nililifanya mimi, kwa hiyo nikapanda bodaboda mpaka sokoni Ifakara. Maduka mengi ya mchele yalikuwa yamefungwa. Nikampata muuzaji mmoja, nikamwambia nataka shingo ya mwali na si kitu kingine. Akachota, akanusa mbele yangu, akaapa kwa mama yake mzazi. Mimi ni mfanyabiashara, viapo vile najua vinatoka wapi. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Nikaitoa sufuria nyeusi kwenye banda la kuku. Kuku walikuwa wameshaidondoshea. Nikaisugua kwa majivu mpaka vidole vikauma, nikawasha moto, macho yakalia kwa moshi na mengine yote. Mama alikaa barazani anachambua mboga, akanitazama. Nilipopalia makaa yalizidi upande mmoja, nikayapunguza, nikayarudisha. Nilikuwa naogopa wali kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Mwisho nikapakua wali wote kwenye beseni, nikachukua mwiko wa mama, nikazungusha pembeni, polepole, na ukoko ukaja. Ulikuja mzima, wa rangi ya asali. Nilitaka kupiga kigelegele peke yangu.

Dada alikuwa chini ya ukuta anashona gunia. Nikamwendea na sahani yenye maua, nikapiga magoti. "Ndege walikula," nikamwambia, "wewe hukula. Haya, kula."

Aliweka sindano kando. Akanawa mikono, akavunja kipande, akakileta puani kabla ya mdomoni. Akatafuna upande wenye meno.

"Hii saro," akasema.

Saro ni mbegu ya kisasa. Inakomaa mapema, inazaa sana, na kila mtu bondeni anailima. Haina ubaya wowote. Nikamwambia muuzaji ameapa. "Ameapa," alisema, "lakini ni saro." Hakusema kwa kunisimanga. Aliyeutazama mpunga wake kwa miaka yote ile kuanzia maziwa mpaka punje ngumu angedanganywaje? Mpunga alioulinda yeye ulikuwa umeliwa jana, na wajomba na majirani na mimi, mpaka punje ya mwisho, na haukuacha kitu chini.

Nikasema, "Basi acha, dada. Usijilazimishe." Nikanyoosha mkono kuchukua sahani.

Akaisogeza kwake. Akala. Alivunja kipande baada ya kipande, akatafuna taratibu kwa upande ule mmoja, na mimi nikabaki nimepiga magoti kwenye mchanga namtazama, kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kuinuka. Aliokota hata chembe zilizoanguka kwenye kitenge. Alipomaliza aliinuka, akaosha sahani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaitundika kwenye msumari wake. Kisha akanigeukia na kunitazama vizuri, kwa upole, kama anavyomtazama mtu aliyetoka mbali na kujisumbua.

"Asante," akaniambia. "Asante sana."

Nilijua jibu lake. Nililijua tangu kikombe cha uji. Nilipaswa kumuuliza, "Kwani mimi nakuuzia?" akacheka, yakaisha. Lakini ulimi wangu una kazi yake, na unaifanya kila siku tangu asubuhi mpaka jioni, hauningoji. Nikamsikia mama barazani ameacha kuchambua mboga. Nikajisikia mimi mwenyewe, kwa sauti ile nzuri, nikimjibu dada yangu:

"Karibu tena."